Karani wa Dirisha la Tatu

Kila asubuhi, katika ofisi ya ajira ya mji wetu wa miwa hapa Queensland, karani wa dirisha la tatu huchovya biskuti kwenye chai, hulamba kidole gumba, ndipo huita mtu. Vidole vyake vinene hugonga kompyuta kana kwamba vinaua mende. "Maombi ishirini ya kazi kila mwezi!" humwambia kila ajaye, kwa sauti ya mnadani. "Na mji mzima una kazi sita! Aliyetunga sheria hii hajawahi kutafuta hata soksi."

Alhamisi moja alifika Desmond, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye mgongo mbovu. Miadi yake ilikuwa Jumanne, na anayekosa miadi hukatiwa posho ya wasio na kazi.

"Nilikuwa namzika dada yangu," alisema.

"Cheti cha kifo kiko wapi?" aliuliza msimamizi, aliyesimama nyuma ya karani.

Desmond hakuwa nacho.

Karani akameza biskuti yake. "Kosa langu, bosi. Mimi ndiye niliyemwandikia Alhamisi." Akagonga muhuri: amefika.

"Unajua hili ni onyo lako la pili?" aliuliza msimamizi.

"La tatu, bwana mkubwa. Hesabu vizuri."