Waya Niliouhamishia Kwenye Kopo

Sijui nitamtazamaje tena Asha. Baba yake, Mzee Hamisi, fundi wa redio koli, zile za kuongea kwa kubonyeza kitufe, hapa Masasi aliyenifundisha kazi, alifariki asubuhi. Asha ni nesi kwenye zahanati ya kijiji cha ndani huko Kitangari, ambako simu haishiki, ni redio tu. Kwetu mtu wa mbali haambiwi msiba. Huambiwa kuna mgonjwa, aje apokelewe na watu, ndipo aambiwe. Baba yake mdogo akaniagiza, "Mwite kwenye redio. Sema mzee anaumwa, gari linakuja. Usizidishe neno."

Nikasema hivyo hivyo. Asha akajibu, "Mpe shikamoo yangu."

Nilipobaki peke yangu, nikatamani kuagana na mzee pale mezani pake, kati ya mitambo yake ya zamani ya kupimia redio. Kuna kopo la rangi lililojaa mafuta: ukiunganisha redio humo, sauti inaishia kwenye kopo, haiendi hewani. Nikachomoa waya, nikauhamishia kwenye kopo. Nikabonyeza kitufe, mshale wa mita ukapanda kama alivyonionyesha, nami, fundi ninayeandika pia riwaya, nisiyejua kunyamaza, nikamwaga maneno: "Mzee wangu, umekufa na mshale wako bado unapanda. Nani atanifokea sasa?"

Nilipoachia kitufe, spika ikakwaruza. Waya niliouhamisha ulikuwa wa mtambo mwingine. Antena ilikuwa palepale kwenye redio.

"Kaka, nimekupata vizuri," alisema Asha taratibu. "Sasa niambie polepole. Amekufa saa ngapi?"