Nilichomoa friza ya plasma nichemshe chai

Wakuu, salamu kutoka Voi. Haya ninayowaambia sijatia chumvi, na mwenye kosa ni mimi, kwa hivyo msisumbuke kutafuta mwingine.

Nafanya kazi lab ya hospitali moja hapa. Tuna friza ya zamani ya kuweka plasma, yaani yale maji ya manjano yanayopatikana damu ikitenganishwa. Husaidia damu kuganda mtu akivuja sana. Ikigandishwa na isiguswe, inakaa miezi mingi. Ikiyeyuka kisha igande tena, nguvu yake inapungua, na kwa macho huwezi kujua.

Ndiyo maana kila mfuko mpya huwa naufunga rababendi katikati kabla haujaganda. Ukishaganda naitoa, mfuko unabaki na kiuno. Ukiyeyuka, kiuno kinapotea.

Sasa.

Ijumaa moja soketi ya birika ilikuwa imeungua. Nikachomoa friza, nikachemsha chai, nikanywa, nikaenda nyumbani.

Jumapili asubuhi naingia zamu, nakuta birika bado iko kwa soketi ya friza. Na joto la Voi mnalijua. Nikachomeka friza haraka, nikajiambia mlango ulikuwa umefungwa, baridi haikutoka. Sikufungua kuangalia. Niliogopa, semeni mnavyotaka.

Jumatatu saa sita mchana, simu ya wodi: mama amejifungua, anavuja damu, leteni plasma.

Nikafungua. Mifuko migumu kama mawe, kipimo cha baridi kiko sawa kabisa. Lakini hakuna hata mmoja wenye kiuno.

Wakuu, nilizunguka ile lab sijui mara ngapi. Mwenye kujua maana ya kile kiuno ni mimi peke yangu. Ningeitoa tu, nani angeniuliza?

Mume wa yule mama, Mwakio, mkulima wa Chawia, alikuwa mlangoni.

"Si naiona hapo kwa friza! Mimi mwenyewe nimewahi kutoa damu hapa. Mpe bibi yangu!"

Nikamwambia imeharibika, nikaingia chumba cha ndani, nikampigia daktari. "Dokta, plasma yote imeharibika. Ni mimi nilichomoa friza."

Akasema, "Tafuta ingine. Sasa hivi."

Kule wodini wakamwongezea damu iliyokuwepo, mimi napigia hospitali zingine. Moja ikakubali, ambulensi ikaondoka mbio. Muda wote ule sikukaa chini hata dakika moja.

Plasma ilifika. Mama akapona, na mtoto ni mzima.

Wiki iliyofuata Mwakio akaja na gunia la kabichi. "Asante ndugu yangu. Ulikataa kumpa bibi yangu kitu kibaya."

Ningenyamaza, ningekula kabichi mwezi mzima. Lakini nikamwambia aliyeiharibu plasma ni nani.

Aliniangalia weee. Kisha akainua gunia lake, akalirudisha begani. Mlangoni akageuka.

"Leo umechomeka?"

Nikampeleka akajionea waya mwenyewe. Akaenda na kabichi zake, na ni haki yake.

Nilichojifunza: kipimo kinakuonyesha baridi ya leo, ya jana hakijui. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ningesema Jumapili, plasma nzuri ingekuwa imeshafika kabla yule mama hajaingia wodi.

Wewe uliye kwa lab au duka la dawa, friza yako inagawana soketi na nini? Andikeni hapa chini, hata matusi nitasoma.

Ngojeni kwanza nikaangalie waya. Ni mara ya tatu tangu nianze kuandika.