Geti Ambalo Kila Mtu Aliliitikia

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa tisa alasiri, Kiema Kilonzo anaingia kwenye uchochoro mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, na amplifaya ya gitaa begani. Ameitoa kwa fundi. Manyunyu yameanza, kwa hiyo ameifunika na shuka ya kitanda.

Mahali fulani kwenye yale maghorofa, kufuli linagonga geti mara tatu.

Geti la pili linaitikia. La tatu linafuata, halafu uchochoro mzima. Watu wanashuka ngazi, mawe mkononi. Hakuna anayemuuliza jina, wala shuka ni ya nani. Manyunyu hayajakatika na mambo yamekwisha.

Kiema alikuwa mpiga drami wa bendi ya hevi metali, ile roki nzito ya kunguruma. Alikuwa anapeleka chombo mazoezini.

Leo kakake mkubwa, Musyoka Kilonzo, mwenye miaka 41, ameinama kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma huko Makadara. Cheche zinaruka hadi kwenye lami ya Jogoo Road. Kazi yake ni mageti. Lipo moja nyuma yake, limening'inia kwa mnyororo, rangi imebabuka, kufuli lake bado liko. Mteja akiliulizia bei, Musyoka anatikisa kichwa.

"Hilo haliuzwi," anasema. "Nililitengeneza mwenyewe. Hilo ndilo la ile ploti ya kupanga alipoangukia mdogo wangu."

Mwenye ploti aliling'oa baada ya wapangaji kulalamika kwamba upepo ukivuma linalia lenyewe. Akamuuzia Musyoka kwa kilo, kama chuma chakavu. Mtu aliyejenga ghorofa nane bila kuweka hata taa moja uchochoroni, kwa mizani hakosei.

Hayo mambo ya kufuli mara tatu, wapangaji hawakuyazua kwa kupenda. Ukipiga simu stesheni ya polisi, inalia hadi inakata. Ukiomba gari la doria, unaambiwa halina mafuta. Siku mkubwa akipita, mafuta yanapatikana. Basi watu wakakubaliana: ukishuku mwizi, gonga geti lako, na kila anayesikia agonge lake. Asiyeitikia huulizwa kesho yake kama mwizi ni wa kwao.

Baada ya mazishi Musyoka alirudi Pipeline kupiga hodi mlango kwa mlango. Hakutaka ugomvi. Alitaka kujua jambo moja tu: nani aligonga la kwanza.

Mama Mukai, anayepika chapati pale pale mlangoni, alimkaribisha kiti na kumpa chai. Alilia kabla yeye hajalia.

"Fundi, sitakudanganya. Mimi niliitikia tu," alimwambia. "Nilisikia la wenzangu."

Wa ghorofa ya pili naye aliitikia. Wa mkabala aliitikia. Mlinzi aliitikia. Uchochoro mzima ulikuwa umeitikia, na hakuna aliyeanza.

Polisi waliandika kwamba wananchi walijichukulia sheria mkononi, kana kwamba siku hiyo sheria ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Musyoka aliambiwa alete shahidi, halafu arudi Jumatatu. Aliyewahi kufiwa katika mitaa hii anazijua hizo Jumatatu. Haziishi.

Neno lile, niliitikia, ndilo lililozaa wimbo. Mwimbaji wa bendi, Phelister Adongo, ni karani wa ofisi siku za kazi, na Jumapili huimba sauti ya pili kwenye kwaya. Jumamosi ananguruma mpaka mabati yanatetemeka. Musyoka alipomsimulia habari za ile milango, Phelister alimwomba arudie, akaandika:

*Sikuanza, niliitikia.*
*Sikumwona, niliitikia.*
*Jiwe lilikuwa mkononi,*
*mkono ulikuwa wa nani?*

"Kanisani mwalimu akianzisha, sisi tunaitikia," anasema Phelister. "Hapo ndipo niliogopa. Nimefundishwa kuitikia tangu niko mdogo."

Drami hazikufaa kuufungua wimbo. Zilikuwa safi mno. Wakaamua Musyoka asimame kwenye geti la Kiema, agonge kufuli mara tatu, ndipo gitaa liingie.

Mwezi wa Januari mwaka huu walijaribu pale kibandani, mchana kweupe. Musyoka akagonga. Kabla gitaa halijaingia, geti lililia ng'ambo ya barabara. Likafuata lingine, mbali zaidi.

Halafu watu wakaja. Hawakukimbia. Mmoja alikuwa na aproni ya bucha, mama mmoja alikuwa na mwiko wenye ugali, na wengine walikuwa na mawe. Walijipanga kwenye mlango wa kibanda.

"Yuko wapi?" mzee mmoja aliuliza kwa adabu, kama anayeulizia choo.

Phelister alimjibu kwamba hakuna mtu, ni wimbo tu. Hakuna aliyeondoka. Macho yao yalipita kwa mmoja mmoja mle ndani hadi yakasimama kwa mpiga gitaa, Luseno, ambaye si wa mtaa ule.

"Na huyu ni wa wapi?"

Musyoka alisimama mbele ya mpiga gitaa. Alitaja jina la Luseno, la mamake, na mtaa anakolala. Aliyarudia mara mbili. Ndipo walipoanza kutawanyika, polepole. Mmoja aliinama akaliweka jiwe lake kando ya mlango, taratibu, kama anayerudisha kitu alichoazima.

Sasa Musyoka anataka wimbo upigwe Pipeline, kwenye uchochoro ule ule, tarehe 9 Septemba. Chifu amekataa kutoa ruhusa, anadai utachochea watu. Wale waliochochewa na kufuli hajawahi kuwaita hata kwa kikao.

Musyoka atakwenda hivyo hivyo. Wanaomkanya ni wa bendi.

"Tukipiga kule na kuna mtu anapita na mzigo?" Phelister alimuuliza. "Tutamwambia nini mamake?"

"Mzigo nitaubeba mimi," alijibu.

Amplifaya ile bado inafanya kazi, imebonyea upande mmoja tu. Shuka mama yao aliifua kule Kitui, akairudisha imekunjwa, bila neno. Musyoka ataiweka amplifaya begani ikiwa imefunikwa vile vile, aingie uchochoroni mageti yakilia, atembee hadi pale Kiema alipoangukia. Wakimfikia, wamuulize jina. Akifika, ataishusha, aichomeke kwenye umeme wa Mama Mukai, na Phelister aanze kuimba.

Mwishowe bendi imekubali. Wote wamesema wataitikia.

Lakini yeye atakuwa na mzigo begani, na kufuli litahitaji mkono wa mtu mwingine. Wiki iliyopita alilishika, akawanyooshea. Luseno alitazama nyuzi zake. Phelister alitazama barabarani. Geti lilikuwa likiyumba kidogo kwenye mnyororo, na upepo haukuwapo.

"Basi nani atagonga la kwanza?" Musyoka aliuliza.