Mwito wa Mama Kwenye Filamu

Jumapili, tarehe 11 Mei. Magarini mawingu tangu asubuhi, upepo hakuna, mvua imekataa.

Mdogo wangu, yule mtengeneza filamu, alifika kutoka Kilifi na kompyuta yake. Alisomea chuoni namna ya kupiga picha maisha ya watu ili yaeleweke. Mimi niliishia darasa la saba, huenda naeleza vibaya. Ana sharti alilojiwekea: filamu huwaonyesha kwanza wenyewe, na wakikataa kipande, hukiondoa. Hii ni ya marehemu mama akishona makuti, basi wenyewe ni sisi. Ameihangaikia miaka.

Tukafunika dirisha kwa leso, tukakaa na shangazi, dada ya baba. Dada yetu mkubwa alikuwa kwenye jiko la uani, hakujua tumeanza. Kwenye filamu mama akashona, akashona, kisha akainua macho akatutazama.

"Mwanangu! Moto unazimika huo!"

"Bee, mama!" dada akaitika kule uani.

Shangazi akashika kifua. Kwetu mwito wa marehemu hauitikiwi. Ukiitika, umekubali kumfuata.

Dada akaja mlangoni na mwiko mkononi, midomo imemkauka. "Moto umezimika kweli," akasema. Niseme haki: kuni zilikuwa mbichi.

"Kiondoe hicho kipande," shangazi akamwambia mdogo wangu.

"Shangazi, hapo ndipo filamu yote ilipo. Mama alikuwa ananiita mimi, nyuma ya kamera."

"Si umesomea kusikiliza watu wewe? Au ni watu baki tu, si wa kwenu?"

Nilimwonea huruma. Shangazi naye hakukosea. Mdogo wangu akaomba aondoe sauti tu, picha ibaki. Akaionyesha tena, kimya. Mama akainua macho, mdomo ukafunguka, hakikusikika kitu.

"Bee, mama," akasema mdogo wangu, taratibu, kama anayeota.

Hakuna aliyecheka. Sijui amekitazama kipande hicho mara ngapi akiwa peke yake, wala kama huko nako huitika. Sikuthubutu kumuuliza. Akakifuta mbele yetu bila kuambiwa tena.

Mimi sikuitika. Sijui kama nilijizuia, au si mimi niliyekuwa naitwa.

Moto ulikataa hadi magharibi. Tulikula sima isiyoiva vizuri, na kunde. Hakuna aliyemwita mwenzake kula. Kila mtu alikuja mwenyewe.