Duka Lililoandikwa Halitembei

Fundi Brashi alikuwa amepaka mabango ya nusu ya mtaa, na kila bango alilitia sahihi pembeni. Hakuwahi kumwomba mtu amsomee kazi yake. "Herufi nazijua kwa mkono," alikuwa akisema.

Kwa hiyo Mama Daftari alipofungua duka lake la madaftari, kalamu na karatasi, chumba kimoja chenye mlango wa bati, alimwita yeye. Siku mbili Fundi alipanda na kushuka ngazi. Siku ya tatu ukuta uling'aa kwa herufi nyekundu: STATIONARY.

Wa kwanza kuja kupongeza alikuwa wifi yake Mama Daftari, aliyefanya kazi ya kusahihisha maandishi kwa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta, na kiganja kikatoka chekundu.

"Hongera, wifi. Umewatangazia watu kwamba duka lako halitembei."

"Kwani maduka ya kwenu hutembea?"

"Neno lako la Kiingereza linataka E hapo penye A ya pili. Lenye A ni la kitu kisichosogea, kama gari bovu."

Fundi, aliyekuwa akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, akamwuliza wifi bila kuinua uso. "Mama, ukiyatamka yote mawili, sikio linasikia tofauti?"

"Halisikii."

"Basi!"

"Wanafunzi watalisoma kwa macho, fundi, si kwa masikio."

Fundi hakukubali hadi wifi alipokwenda kuleta kamusi nene kama tofali, akawa anasoma na kuwafafanulia. Zamani huko Ulaya wauza vitabu wengi walikuwa wachuuzi, wakizunguka na mizigo yao. Wachache walipata kibanda cha kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, wakaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mtu mwenye kituo. Bidhaa zao zikarithi jina hilo. Kumbe maneno yote mawili ni ndugu, herufi moja tu ndiyo inayowatenganisha.

Fundi akaruka. "Mmesikia? Sikukosea, nimerudi kwenye asili!"

"Umerudi bila kujua ulikuwa unakwenda wapi," wifi akamjibu.

Mama Daftari hakucheka. Miaka tisa alikuwa ameuza kalamu kwa kuzunguka na kikapu kichwani, akifukuzwa kwenye baraza za ofisi za watu.

"Wifi, soma tena hapo kwa mwenye kituo."

Wifi akasoma, safari hii polepole.

"Haya fundi, weka hiyo E," Mama Daftari akasema mwishowe. "Lakini nimefurahi kuitwa nisiyetembea, japo kwa nusu siku."

Fundi akarekebisha, kisha akamnong'oneza wifi kwamba kuna maduka mengine manne yenye A. Kesho yake wakaongozana, yeye na ngazi begani, wifi na miwani yake. Mwenye duka la kwanza alikataa katakata, akasema wateja wamekwisha kuzoea. Wa pili alikubali E iongezwe, kwa sharti kwamba A isiguswe, maana yeye si mtu wa kupunguziwa herufi.