Ukurasa wa Kumbukumbu wa Mtu Aliye Hai

Walimwita Bi Randa kwa sababu randa ndicho kitu cha kwanza alichoshika asubuhi na cha mwisho alichokiweka jioni. Alikuwa fundi wa majeneza. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na karakana, mashine ya kukatia mbao na mdomo usiolala. Usimwonee huruma hata kidogo. Mteja akimuuliza kama jeneza litadumu, humjibu, "Mpaka leo hajarudi hata mmoja kulalamika," na wafiwa hujikuta wanacheka kisha wanaona haya.

Sasa mama huyu, mwenye wajukuu, akaamua kujenga tovuti. Kilichomchoma ni karakana ya mtaa wa pili. Mbao zao mbichi, kona zao zimeachana kama meno ya mtoto, lakini walikuwa na tovuti, na watu siku hizi hutafuta jeneza kwenye simu wakiwa bado wamekaa kwenye benchi la hospitali. Bi Randa akaapa hatashindwa na watu wasiojua kupiga msasa. Akajiandikisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa maktaba.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Akawafundisha kuchagua anwani, kuchagua kiolezo cha kurasa, kupakia picha, kutunza nenosiri. "Tovuti ni duka," alikuwa akisema. "Ukishalifungua, lazima ulifagie kila siku, la sivyo wateja watadhani umehama." Hilo Bi Randa alilielewa mara moja, maana kufagia maranda ndiyo maisha yake. Akapiga picha za majeneza yake, akaandika aina za mbao, akaweka namba ya simu. Siku ya kuifungua, tovuti ilimuuliza maswali mengi, naye akatia alama ya vema kwenye kila kisanduku, kwa adabu tu, kama mtu anayeitikia salamu. Kisanduku kimojawapo kilikuwa kinaomba ruhusa ya kumtumia ujumbe kila mtu aliye kwenye orodha yake kila anapoongeza ukurasa. Na orodhani alikuwa amewatia wote waliokuwa kwenye simu yake: wateja, wauza mbao, na ukoo mzima. Haya, asiyejua maana haambiwi maana.

Kisa chenyewe kilitokea mchana. Jeneza moja lilikuwa linakauka vanishi, na fundi hana la kufanya vanishi ikikauka ila kukaa mbali na vumbi. Akafungua kompyuta. Alitaka kuongeza kurasa za kumbukumbu, ili kila familia inayonunua jeneza kwake ipate mahali pa kuweka picha ya marehemu na maneno ya kumuaga. Wa mtaa wa pili hawakuwa nazo. Ila lazima kwanza atengeneze ukurasa wa mfano auone umekaaje.

Kwenye karakana ile kulikuwa na kanuni ya baba. Kibao cha mfano, kile cha jina kinachopachikwa kwenye jeneza, hakiandikwi jina la mteja, wala la jirani, wala la kubuni, kwa sababu la kubuni nalo lina mwenyewe mahali. Huandikwa jina la nyumbani. Baba aliandika lake miaka yote, na alikufa kwa uzee kitandani, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Lakini ukurasa huu ulidai watu wawili, marehemu na anayemlilia. Anayelia ni yeye Bi Randa. Marehemu je? Wazazi walishakufa kweli, watoto wake hawezi kuwaandika hata kwa mtutu wa bunduki. Akabaki kaka yake.

Kaka mtu alikuwa dereva wa malori, na hawakuwa wanazungumza. Baba alipomwachia binti karakana, kaka aliondoka siku ya maziko na kauli moja tu, "Nimekusikia, baba," akiliambia kaburi. Hakurudi. Bi Randa aliamini kaka anaitaka ile mashine, na alikuwa amejiandaa kugombana naye juu ya mashine mpaka siku ya kiyama. Ndugu gani huyo! Basi akaandika jina la kaka lote, akaweka picha yake ya ujana, na kwenye kisanduku kilichosema "machache kumhusu marehemu" akaanza machache. Machache yakazaa mengine. Aliandika mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu, akafuta chozi kwa mkono wenye vanishi, jicho likamuwasha, akajitukana. Kisha akahifadhi ukurasa. Darasani walifanya hivyo kila siku na hakuna aliyeona kitu nje. Alisahau kwamba tovuti ya darasani ilikuwa imefungwa, na yake mwenyewe ameshaifungua.

Hajainuka kitini, simu ikalia.

"Mwanangu!" Shangazi yao huyo, analia mpaka spika inakwaruza. "Mwanangu, lini? Ameugua nini? Mbona hamkutuambia?"

"Nani, shangazi?"

"Kaka yako! Nimemwona hapa, na picha yake!"

Bi Randa akageukia kompyuta. Hajajibu, simu ya pili ikaingia, ya muuza mbao, anatoa pole na anauliza ataleta mbao gani kwa ajili ya kaka. Ya tatu. Ya nne. Na nani angekuwa na shaka? Dada wa marehemu ndiye aliyeandika, na dada mwenyewe ni fundi wa majeneza! Loo, akatafuta kitufe cha kufuta, akaufuta ukurasa, akashusha pumzi. Ndipo akampigia wifi yake, mke wa kaka.

"Wifi," alisema mwanamke yule, sauti imekauka kabisa, "mwili uko wapi?"

"Hakuna mwili! Ni makosa yangu, wifi, nilikuwa najifunza! Mpigie mwenyewe umsikie!"

"Nimempigia. Ameondoka alfajiri na lori. Simu yake haipatikani. Wewe umejuaje kabla yangu?"

"Sijui kitu! Nakuapia sijui kitu!"

Simu ikakatika. Bi Randa akampigia kaka yake, namba aliyoihifadhi bila kuitumia. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akaona vibaya, jamani. Alikuwa amecheka vifo vya watu maisha yake yote, na sasa alisimama katikati ya karakana akijiuliza kama mkono wake umemzika ndugu yake. Alimpigia mwalimu kwa sauti ya mtoto.

"Nimeufuta, mwalimu! Nimeufuta lakini bado wanapiga!"

"Ungeniuliza kwanza, Bi Randa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wameshapiga picha, wanatumiana. Na anayefungua sasa haoni kitu, anadhani mtandao mbovu, anaendelea kulia. Urudishe uleule kutoka kwenye kapu la taka, halafu juu kabisa, kwa herufi kubwa, andika ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba yu hai, mama."

Akaurudisha. Akaweka vidole juu ya herufi. Akaandika "Kaka yangu," akasimama hapo hapo. Yu hai? Nani aliyemwambia? Hakuna mtu aliyemsikia tangu alfajiri. Fundi aliyezika nusu ya mji alishindwa kuandika maneno mawili mepesi kuliko yote. Alikaa akikodolea macho kile kistari kinachowaka na kuzima, simu zikilia juu ya meza, mpaka jua likahamia ukuta wa pili.

Lori lilisimama nje kwa breki za kupiga kelele. Kaka yake akaingia bila hodi, mnene kuliko zamani, mvi kichwani, simu imezimika mkononi.

Bi Randa alipiga ukelele uliowatoa majirani. Akamshika mabega, akamshika mashavu, akampiga kifuani. "Simu yako! Mbona simu yako?"

"Imekufa chaji kwa watu wanaonililia! Mtu wa kwanza alinipigia kuniuliza mimi nazikwa lini. Mwingine akanipa pole kwa msiba wangu mwenyewe, akakata." Alikuwa anahema. "Nimesomewa hiyo kitu kwenye kituo cha mafuta. Nimegeuza lori na mzigo wa watu."

"Nisamehe, kaka. Nilikuwa najifunza."

"Kufa tumekwisha kusikia. Nakuuliza la kidole."

Kaka aliinua mkono wa kushoto, ule usio na kidole cha shahada.

"Umeandika nilikatwa nikiusukuma mkono wako usiingie kwenye msumeno. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa pale, kaka. Nilikuwa mdogo, sikuwa kipofu."

"Siku zote nimedhani hujui." Kaka alijikalisha kwenye rundo la mbao. "Nilimwambia baba nilikuwa nachezacheza. Nilijua angekuua. Akanichapa nikiwa na bendeji mkononi. Tangu siku ile hakuniacha niguse mashine. Akawa anamwambia kila mtu, huyu mzembe, karakana siwezi kumwachia mzembe."

Hilo Bi Randa hakulijua. Alitazama mashine, akatazama kuta, zana zilizotundikwa, jeneza linalong'aa vanishi, vyote alivyojivunia kwamba baba alimwona yeye ndiye hodari.

"Kwa nini hukumwambia hata alipokuwa anakufa?" alisema. "Mimi nikajua una hasira ya mashine!"

"Mashine ningeipeleka wapi, mdogo wangu, kwenye lori?" Kaka alifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka mtu mmoja tu wa nyumbani kwetu aseme mimi si mzembe. Nimelazimika kufa ndipo nimesikia."

Bi Randa alilia kwa sauti, mbele ya majirani waliojaa mlangoni, bila kujificha. Kisha akampa kaka simu yake ampigie mkewe, naye akarudi kwenye kompyuta. Akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba kaka yake yu hai na yuko hapa karakanani. Akafuta neno marehemu kila lilipokuwa. Mengine yote akayaacha kama yalivyo.