Mwenye Jina la Majani Mabichi

Mwaka wa 1999 Mongina, fundi wa kushona aproni za wachuma chai huko Boito, aliomba kusajili biashara yake kwa jina la Majani Mabichi. Akajibiwa kwamba jina hilo tayari lina mwenyewe, mtu wa Londiani.

Mwingine angetafuta jina lingine tu. Mongina hakutulia. Londiani ni viazi na ng'ombe. Nani huko alifikiria majani ya chai? Jumamosi akaenda, akauliza sokoni, akaonyeshwa mzee Kimeli, muuzaji wa nyasi ya nepia ya kulisha ng'ombe.

"Hata kwa intaneti hilo jina ni langu," Kimeli alimwambia kwa fahari. "Binti yangu alininunulia anwani."

"Iko wapi, mzee?"

"Hata mimi sijaiona, mama. Nasikia inakaa Amerika."

Wakacheka, kisha wakapanga siku wakakutana Kericho, kwenye duka lenye kompyuta. Ukurasa ulifunguka polepole. Ulikuwa na jina tu, na chini yake peupe.

Kimeli akagusa pale peupe kwa kidole. "Weka aproni zako hapo," akasema.

Mongina alisajili Boito Aproni, lakini picha za aproni zake zilikaa kwenye ukurasa wa Kimeli, kando ya picha za nepia.